Daftari la Posho

Lilikuwa la kambini, daftari hili, Bombo,
mistari myekundu, safu nne: Namba, Jina, Kilo, Sahihi.
Babu Rehani alitoka nalo stoo, chini ya koti.
(Nyumbani hatukusema aliliiba. Tulisema lilimfuata.)
Kurasa sita za mwanzo ni askari na unga wao.
Ya saba, mwandiko uleule wa karani,
herufi zimesimama kama gwaride:

Kisra ya Bakhita.
Unga wa mtama, makopo mawili ya Kimbo.
Wa muhogo, nusu kopo, usisindilie.
Maji ya vuguvugu, hadi mkono useme basi.
Funika. Siku tatu.

Na kwenye safu ya Sahihi, kidole gumba cha bibi,
si cha wino, cha samli.
Hakujua kusoma. Alisema, babu akaandika,
akiitikia "naam" kila nukta, kama yuko mbele ya afande.

Mwaka wa sabini na tisa daftari lilivuka mpaka
ndani ya foronya, chini ya kichwa cha mama yangu,
mtoto wa miaka tisa mwenye homa.
Sufuria zilibaki. Vitanda vilibaki.
Mlango, watu waliung'oa na fremu yake.
Bibi tulimzika Yei, kabla mvua haijashika,
na mama akajifunza kusoma kwa ukurasa wa saba:
neno lake la kwanza maishani ni mtama,
la pili, funika.

Basi tuliporudi, kila Idi,
ndoo nyuma ya mlango, siku tatu, inanong'ona mapovu.
Mama anapaka uji kwenye chuma cha moto kwa kipande cha ukuti,
duara jembamba, linabanduka, linakunjwa.
Nasi tunakula tumekunja nyuso.
Kisra chachu ya kukaza taya!
Mjomba Farajala alifumba jicho moja kama anayelenga shabaha.
Wageni walikunywa maji, wakausifu mchuzi.
"Ndivyo ilivyo," mama alisema. "Imeandikwa."

Mwaka jana nilikwenda Arua kumwona Bi Zenabu,
mke mdogo wa babu, miaka tisini na ushee,
na kisra nimeifunga kwenye kitambaa.
Akamega. Akatafuna kwa fizi. Akanyamaza.
Kisha akacheka hadi shuka likamtoka mabegani.

"Bakhita! Mwanamke yule!
Siku tatu? Usiku mmoja, mwanangu. Usiku mmoja tu.
Alijua nitalifungua daftari akienda kisimani,
nilisoma misheni mimi, herufi nazijua.
Akalitega kama mtego wa panya."

"Ulilifungua?"

"Mara moja. Nikamwaga ndoo nzima. Mbwa walikataa."
Akapangusa macho kwa ncha ya shuka.
Ya kicheko au ya nini, sikuuliza.
Akamega tena.
"Imebaki nyingine humo?"

Nikarudi Bombo, nikajaribu usiku mmoja.
Ikatoka laini, nyepesi, imetulia ulimini,
kisra ya watu wenye adabu.
Binti yangu Kaltuma akaonja, akairudisha sahanini.
"Hii ya nani?" akauliza.

Kalamu ninayo mkononi.
Karatasi imekunywa mafuta miaka mingi, imekuwa kioo,
ya nyuma yanaonekana mbele:
Koplo nani sijui, kilo mbili, sahihi.
Neno ni moja tu, tatu, la kukatwa mstari mmoja.
Mama yangu alikua nalo chini ya shavu.

Kaltuma, toka huko nyuma ya mlango.
Leo ni ya pili.
Usifunue.