Witiri na Shufwa

Baba alistaafu Ijumaa. Jumatatu, saa moja asubuhi,
akafunga kamba za viatu vya posta, vilevile vya zamani,
akaniambia: leo tunavuka.

Sikumwelewa. Katika Buenos Aires kuvuka Rivadavia
si jambo la kumtoa mtu kitandani;
watu huvuka na mkate kwapani, huvuka wakitukanana na teksi.
Lakini baba, Eulogio Brizuela, tarishi wa barua,
miaka thelathini na mmoja alipewa witiri:
4701, 4703, 4705, hadi Flores kwenye ngazi za kanisa.
Shufwa yote, upande wa pili, ilikuwa ya Salvatierra.

Tulianzia mwanzo,
barabara isije ikasema tumeidandia katikati.
Mwanzo wake mwembamba, huwezi kuamini.
Inapita ubavuni mwa kanisa kuu kama karani aliyechelewa kazini,
na mpaka ifike Bungeni ndipo inapopanua mabega.

"Hapa kila mtaa huvua jina mlangoni," baba akasema, "kama kofia."
Na kweli. Callao inaingia, Entre Ríos inatoka.
Pueyrredón inaingia, Jujuy inatoka.
Mashimo ni yaleyale, mbwa ni walewale,
ila kaskazini wanakuita hivi na kusini wanakuita vile.
Rivadavia peke yake haibadiliki,
kama shangazi aliyekataa jina la mume.

Once: majora ya vitambaa yamesimamishwa milangoni,
vijana wanapaza bei, harufu ya nailoni mpya.
Chini ya nyayo treni inanguruma
na matundu ya vyuma yanatupumulia joto magotini.

Caballito. Wauza vitabu wanafungua vibanda vyao bustanini.
Baba akasimama. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani.
Hapa ndipo Salvatierra alipopiga mluzi kila saa nne:
mara mbili mkoba ukiwa mzito,
mara moja, mrefu, akiwa na kiu.
Hawakuwahi kula pamoja.
Nilipouliza kwa nini, zamani, alinijibu, "Yuko ng'ambo,"
utadhani ng'ambo ni Ulaya.
Salvatierra alikufa Juni, mapafu.
Wakamweka kijana mwenye nyaya masikioni.

Tukavuka.

4702. 4704. Baba anasoma milango kama mgeni,
anaingiza kidole kwenye tundu la barua, anakitoa.
"Hili linabana. Alikuwa akilitukana kila siku."
Kisha akageuka kutazama alikotoka,
upande wake mwenyewe, ambao hakuwahi kuuona mzima,
maana alikuwa chini yake daima, pua kwenye namba.

"Tazama kwa bibi Zulema. Ghorofa ya tatu."
Wanawake wanne wa mawe wamebeba roshani mabegani,
mmoja hana pua.
"Miaka yote hiyo walikuwa juu ya kichwa changu.
Na Salvatierra hakuniambia."
Tukatembea.
"Au aliniambia," akasema tulipofika Flores. "Malori."

Floresta, Villa Luro; maduka ya matairi, maduka ya vitasa,
barabara imechoka kujipamba, sasa inafanya kazi tu.
Liniers, elfu kumi na moja na ushei.
Daraja la barabara kuu, na kibao: mji umekwisha.
Namba hazina habari. Upande ule zinaendelea kuhesabu
kama mtoto aliyesahauliwa katika mchezo wa kujificha.

Mama mmoja wa Kibolivia alikuwa akipima viazi vidogo vyeusi,
vilivyokaushwa kwa baridi ya milimani.
"Mzee, umetoka wapi na viatu hivyo?"
"Namba moja."
"Unakwenda?"
Baba akanunua nusu kilo.
Nyumbani hakuna anayejua kuvipika.

Tulirudi kwa basi. Alikaa dirishani,
na mahali fulani baada ya Acoyte
akakunja midomo, kama anayepoza chai.