Panya wa Arobaini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri, Szeged bado inakoroma,
ukungu wa mto Tisza umepanda hadi kwenye reli za tramu.
Etelka Vadkerti anavua koti, anavaa jingine jeupe,
anawapima panya
mmoja mmoja, juu ya mizani ya jikoni
aliyoinunua mwenyewe fedha za maabara zilipochelewa.

Miaka kumi na saba anafuatilia kitu kisichokaa ghalani.
Mwili haukiweki akiba; hukikata papo hapo
kwenye ukuta wa seli, katika mafuta ya ukuta wenyewe,
kama mtu achomoaye uzi wa kanzu yake
ili amfungie jirani ujumbe.
Ujumbe ni mfupi: Kula. Tulia. Weka.
Kisha uzi hukatwakatwa, kimya kikarudi.

Bangi ya ndani, wanafunzi wake huiita, kisha hucheka.
Yeye hacheki. Mmea, asema, ulibahatisha tu
ufunguo wa mlango uliokuwa wetu tangu zamani.

Kwetu walishasema njaa mwanamalevya,
nao hawakuwa na darubini.

Lakini ipo miili ambayo ujumbe haukomi.
Ini husikia kula hata karamu ikishakwisha,
kongosho nalo, misuli nayo, mafuta ya kiunoni,
wote wanaitwa na hakuna anayeambiwa basi.
Sukari huzagaa damuni kama wageni walionyimwa viti.

Kulikuwa na dawa, zamani kidogo.
Iliziba mlango kila mahali, hata kichwani.
Viuno vilipungua. Kisha baadhi ya watu wakaanza
kuamka bila sababu ya kuamka,
na dawa ikarudishwa kabatini, kabati likafungwa.

Ndiyo maana anatafuta kizibo kizito,
kisichoweza kupenya lango la ubongo:
kifike kwenye ini, kisimame hapo hapo,
kisiguse kile chumba ambamo mtu
husikia harufu ya mkate akatabasamu.

Wiki ya nane. Panya wamepungua, sukari imeshuka,
Bendegúz, msaidizi wake, anapiga meza kwa furaha.
Etelka anamtazama wa arobaini na moja.
Amekonda kama wenzake. Yuko pembeni.
Gurudumu hajaligusa tangu Jumanne;
wale kumi na tisa wa kundi lake wanakimbia.
Mmoja kati ya ishirini: hesabu inaweza kummeza
bila kutafuna.
Anamwandika kwa wino, si kwa penseli.

Jumapili mama yake, Rozália, anapaka mkate
mafuta ya nguruwe, pete za kitunguu chekundu,
paprika juu yake kama vumbi la matofali.
Kidoleni ana plasta; kipimo kimesema kumi na nne.
"Umeshaipata dawa yangu?"
"Nimekaribia."
"Ukiniondolea hamu, niachie angalau ya huu,"
na anaukata mkate vipande viwili visivyolingana,
kikubwa anamsukumia bintiye.

Etelka, aliyeapa tangu Januari, anakula.
Ulimi unatuma, utumbo unajibu,
mahali fulani ukutani uzi unachomolewa.
Anamfikiria yule wa pembeni.
Kesho atampima yeye kwanza.