Kadi za Salamu za Redio Kwato

Tulianza juu ya duka la dawa za ng'ombe,
hapa Nakuru, ngazi za chuma, za nje,
mvua ikinyesha zinateleza kama mrenda.
Chini harufu ya dawa ya kupe,
juu Zakayo Wairegi na kofia pana kama sinia
na makasha matatu ya santuri
aliyoachiwa na daktari wa meno wa Njoro
aliyerudi kwao Marekani bila kuaga wagonjwa.

Wakatucheka: nani atasikiliza hizo?
Wanaume wazima wanaolilia mbwa,
treni, kila wimbo treni,
na yetu sisi hupita kwa kukohoa.
Zakayo akauliza tu:
mtaje mtu mmoja wa Molo
ambaye hajawahi kupotelewa na ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa kadi.
Zilikuja kwa basi, kwa lori la maziwa, mkononi.
Sigei wa Mau Narok anamsalimu mkewe
ambaye wako naye chumba kimoja.
Obonyo wa karakana ya reli. Mama Shisia wa sokoni.
Na yule aliyejiita Mpweke wa Pareto,
miaka tisa, uso wake sikuuona.
Nikishamaliza majina Zakayo hushusha sindano,
gitaa la chuma likaanza kulia
kama lango la boma linalofunguliwa polepole
na mtu aliyechelewa kurudi.

Bei ya maziwa, saa kumi na moja alfajiri.
Vifo, saa moja jioni.
Baada ya vifo wimbo mmoja, usio na haraka.
Watu waliacha sufuria motoni wakiungoja huo.

(Mwaka wa pili kipaza sauti kilikufa.
Wiki nzima tulitangaza kwa simu ya duka,
wateja wakilalamika chini, mbuzi wao pia.)

Halafu Januari ile.
Sitaieleza, mnaijua.
Zakayo na fundi wetu, Maritim,
walilala chini ya meza moja siku nne,
blanketi moja, kila mmoja akitafutwa na watu wa mwenziwe.
Simu zikaja: hiyo redio ni ya nani?
Maritim akajibu: ya mzee mmoja wa Tenesi,
nendeni mkamtafute huko.
Nisiseme nyimbo zilizuia kitu.
Kinyozi wa jirani, kibanda chake kiliungua
tukiwa hewani, fidla ikicheza.

Mabasi yalisimama, kadi zikakatika.
Nami, kwa kuwa ukimya uliniogopesha,
nikatoa za zamani kwenye gunia nikazisoma.
Usiku huo mwanamume akapiga kutoka uwanja wa maonyesho,
nyuma yake watoto wengi, kikohozi kingi:
"Umesema Nyaboke wa Keringet anasalimu.
Amesalimu leo? Yuko wapi?"
Kadi ilikuwa ya Agosti.
Nilishika mkono wa simu
mpaka wimbo ukaisha, sindano ikaanza kukwaruza.
Sikumwambia.
Nilikata.

Mengine ni ya kawaida. Mwenye duka alifariki,
mwanawe akauza masafa kwa mhubiri.
Zakayo alihamia Elburgon, akafuga sungura,
na redio yake hakuitoa pale pale,
akisikiliza mahubiri kwa sauti ya chini
kama anayemkalia mtu kiti.
Santuri sijui ziliko. Moja niliiona Bondeni
imekatwa, imekuwa saa ya ukutani.

Gunia la kadi ninalo mimi.
Panya wamekula kona, wino umekuwa rangi ya chai.
Ile ya Agosti naijua bila kuitazama:
mwandiko umelala kushoto, stempu ya twiga,
Mimi Nyaboke nawasalimu wote wanaonifahamu,
na wakisikia
nao wawasalimu watu watatu.