Mtoto Yangu

Saa tatu usiku, Arua. Umeme umekwenda zake.
Nasahihisha madaftari kwa taa ya simu,
na ng'ambo ya ua jenereta ya jirani inakohoa.

Swali la nne, jaza pengo:
"Viti vyangu viwili ____vunjika."
Kabugho wa Kasese kajaza "vime" bila kufuta,
maana kwao nomino ikijifunga kilemba
sifa na kitenzi hujifunga kilemba hichohicho.
Drani wa Maracha kaandika "ime".
La tano, "ime". La sita, "ime".
Lugha ya kwao hupanda na kushuka kama njia ya Mlima Wati,
ila haijawahi kumuuliza kiti ni cha ukoo gani.

Asubuhi nilichora mti ubaoni,
shina juu, matawi chini,
tunavyouchora sisi watu wa sarufi.
Nikasema: kitenzi kimekaa juu, hakioni.
Kinashusha mkono gizani, kinapapasa,
na nomino ya kwanza kinayoigusa, basi, ndiyo hiyo:
kinachukua alama yake, kinaivaa mbele.
Hakimruki wa karibu kumfuata wa mbali.
Kabugho akauliza, "Na kipofu je? Kipofu kimefika?"
Hapana. Kipofu amefika.
Umbo linasema ki, uhai unasema a,
na uhai ndio ushindao.
Darasa likacheka. Drani hakucheka;
aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori kambini Bondo.
Kiswahili chake kilikuwa na kiambishi kimoja,
kama mtu mwenye shati moja:
Kiti yako iko wapi. Maji imeisha. Watoto yote ikuje.
Dunia nzima ilipanga foleni nyuma ya i,
watu, spana, risasi, mvua,
na mjini walikikimbia Kiswahili hicho
kabla hawajakisikia kinasema nini.
Mimi nilikwenda Kampala, nikarudi na jedwali la ngeli,
nikamsahihisha mezani, mbele ya wageni.
"Watoto wote, Baba. Waje."
Akamega ugali wa muhogo. Hakusema tena mpaka maji ya kunawa.

Swali la kumi nililitunga kwa ujeuri:
"Bunduki na mtoto ____ mlangoni."
Zilikuwa? Walikuwa? Vilikuwa?
Mkono wa kitenzi unashuka, unakuta wawili wameshikana,
mmoja ana roho, mwingine hana,
na hakuna silabi ya kuwaita pamoja.
Wataalamu wanashauri: vunja sentensi, andika upya.
Kabugho kaivunja vizuri,
"Mtoto alikuwa mlangoni, na bunduki pia." Alama mbili.
Drani kaandika "ilikuwa".

Kalamu nyekundu imesimama hewani.
Nauona mlango wa nyumba yetu ya kambi,
bunduki imeegemezwa kwenye fremu, mimi nimesimama kando yake,
urefu wetu sawa,
na baba amepiga goti, mikono yake ina grisi hadi viwikoni,
anawaambia wenzake nje, sauti imempasuka:
"Mtoto yangu iko hapa."

Iko.
Nilikuwamo ndani ya i ile, pamoja na maji na spana,
na ilikuwa pana kama uwanja wa gwaride.

Sarufi nayo, ukiichungulia, ina aibu yake:
mama yangu, rafiki yangu, baba yangu.
Wenye uhai hao, wamevaa ya ya vitu,
na hakuna anayewapigia mstari.
Sijui ni sheria gani. Nimeifundisha miaka kumi na moja.

Umeme umerudi, friji imeshtuka.
La nne, la tano, la sita, Drani amekosa, sina la kufanya.
La kumi sijalitia alama.
Pembeni nimeandika, kwa kalamu ya risasi,
"Njoo ofisini. Lete na sentensi yako."