Nisomee, Usifupishe

Filamu ya Kifaransa, ya zamani, haina rangi.
Vita vimekwisha juzi tu, mkate bado wa kadi.
Maandishi ya Kiarabu yanapita chini mbio mbio,
na Bibi Shawana, aliyesahau miwani yake Ibra,
ananiamuru: Nisomee. Kwa Kiswahili. Usifupishe.

Nje, hapa Al Khoud, nyuzi arobaini na nne.
Kiyoyozi kinanguruma kama mtu mwenye kinyongo.
Ndani ya kioo, mvua:
juu ya mabati ya stesheni, juu ya kofia ya yule bwana.
"Maji yote hayo," anasema Bibi, "na wao wanayakimbia!"

Mwanamke ni Odile. Kaolewa na mfamasia.
Mwenye kofia alikuwa mateka, barua zake hazikufika;
karudi na sanduku moja, na vidole viwili vyenye ganzi.
Wanakunywa kahawa ya shayiri.
Hawashikani mikono.
Odile anavua glavu moja, anaiweka mezani baina yao.
Basi.

"Kasema nini?"
Kasema treni ni saa kumi na mbili na robo.
"Na yeye?"
Kasema mumewe hukohoa usiku.

Chumba cha pili, Babu Mundhir anakohoa.

Kisha yule bwana akasema neno refu,
taratibu, bila kumtazama.
Nikalisoma lote, Kiarabu safi,
ulimi ukanifunga fundo.

"Kasema nini?"
Kasema... mvua haitaanua leo.

Bibi akaacha kumenya tende.
"Muongo we. Midomo yote ile, mvua?
Mimi sikupata wa kunisomea.
Mwaka wa sitini na nne, nimo melini, mtu yuko gatini,
akafumbua kinywa, na honi ikalia juu yake.
Tangu siku ile nakisia.
Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Nikasoma, safari hii bila kupunguza:
*Waliokwambia nimekufa hawakukosea sana.
Kilichobaki kimekuja kukuona, si kukuchukua.*

Akanyamaza. Akapangusa vidole kwenye leso.
"Si hilo," akasema. "Langu lilikuwa fupi.
Neno moja, labda mawili."

Akainuka na magoti yake yanayolia,
akaenda jikoni kumchemshia Babu tangawizi.
Treni ikapiga mvuke.
Odile kasimama. Glavu iko pale pale.

"Kapanda?" sauti kutoka jikoni.
Bado, Bibi.
"Ngoja, sufuria linafoka. Mzuie."