Maafikiano ya Magomeni Kota

Ijumaa usiku, ghorofa ya tatu,
tulitandaza ramani juu ya meza ya kulia
tukaanza kugawana dunia kabla pilau haijaiva.

Zamoyoni Mwingereza. Kaomba mwenyewe:
mwenye meli nyingi, anasema, hakosi marafiki.
Shekigenda Mfaransa, soksi imetoboka kidoleni.
Matlida kapewa Ureno, ananung'unika,
"Hata mwaka jana mlinipa Ureno."
Mimi Mjerumani. Kura ndiyo iliyoamua, si mimi.
Haule, aliyefika juzi kutoka Songea, akawa mtazamaji;
kanuni zinataka wanne.

Vipande vyenyewe vilipotea siku ya kuhama,
hivyo manowari ni vizibo vya soda
na majeshi ni punje za mahindi.
Wenyeji hawana kipande.
Kijitabu kinawataja mara moja,
ukurasa wa kumi na tisa, chini ya Gharama Nyinginezo.

Ila mchezo hauchezwi mezani.
Unachezwa barazani, penye kamba za nguo,
wawili wawili, sauti chini,
katikati ya mashuka mabichi na sare za shule.
"Niachie reli, nikuachie visiwa."
"Kweli?"
"Haki ya Mungu."
Nikageuka, nikakutana na Matlida mlangoni,
naye nikampa visiwa vilevile.

Saa nne na nusu Zamoyoni akaitaka Dar es Salaam.
Kidole chake juu ya nukta,
nyeusi, ndogo kama ufuta,
na ndani ya nukta ile tulikuwamo sote,
na sufuria yetu, na mtoto wa jirani anayekohoa,
na fundi wa Mapipa anayegonga bati hadi usiku.
"Utanipa nini?" nikauliza.
Nilifikiri kidogo. Kidogo tu, ndilo linaloniuma.
Maziwa mawili, na kupita mfereji bila ushuru.
Tukapeana mikono.

Ndipo mita ikalia, ikanyamaza, ikawa giza.
Bara zima tulilimaliza kwa saa mbili;
umeme wa elfu tano ukatushinda.
Mwingereza hana salio.
Mfaransa alinunua mwezi jana, ana ushahidi.
Mreno ni mgeni, mgeni halipi.
Mimi nikataja mikataba.

Tukiwa katika mabishano, jagi likapinduka.
"Maji," akasema Haule gizani.
Hakusema samahani. "Maji tu."

Tukamulika kwa simu: punje zinaelea,
zinavuka mipaka bila kumwomba mtu,
wino wa ahadi zetu unatiririka hadi sakafuni.

Ramani tukaianika kambani kwa vibanio.
Asubuhi jirani akachungulia toka baraza ya pili:
"Jamani, na hii ni ya nani?"
Tukatazamana, wanne.
Haule, kikombe mkononi, akamjibu kabla yetu.