Jina la Mama

Waraka ulitangulia, mwenyewe akafuata.
Alivaa suti joto la Oktoba, akatukusanya ukumbini,
akaangaza picha ukutani: mshale unapanda,
watu wanacheka, watu ambao Newala hawajaikanyaga.
"Mabadiliko hayaepukiki," alisema mara nne. Nilihesabu.
Kisha gari lake likateremka kuelekea Masasi,
nasi tukazifunika kompyuta tatu kwa khanga ya Mwajuma
zisiingie vumbi.
Zilikaa hivyo, korosho ikauzwa misimu miwili.

Msituite wakaidi.
Nina miaka ishirini na miwili katika chumba hiki cha majalada.
Hata gizani najua: rafu ya dirishani ni Mkunya,
ile ya chini, iliyoonjwa na mchwa, ni Mnyambe.
Nani aliniuliza ninajua nini
kabla ya kuniambia niache?

Daktari Somoe Nandonde alipoletwa, hakuitisha kikao.
Alikaa kwenye stuli yangu, mimi nimesimama naona haya,
akalitafuta jalada la Fatu Hamisi.
Tuna Fatu Hamisi kumi na saba.
Alifungua moja moja, akipiga chafya,
foleni ikiguna mpaka nje kwenye ngazi.
"Wewe unampataje?"
Kwa mama yake, nikasema.
Hapa mtu hubadili jina akitoka jandoni, akitoka unyagoni,
wengine wakipona ugonjwa mzito.
Mama ni yuleyule.
Akaandika kiganjani kwa peni, kama mtoto wa shule.
Mwezi uliofuata fundi alipanda kutoka Mtwara,
na kwenye kioo pakaongezwa mstari: Jina la Mama.
Niliutazama
kama mtu aliyekuta kiti chake kwenye nyumba ya wageni.

Si kwamba mambo yalinyooka.
Jumanne moja umeme ulikatika, majina mia na arobaini yakapotea,
na mwanamke wa Kitangari akasimama barazani
akatutukana hadi akaishiwa.
Tukainamisha vichwa, tukingoja nani atatajwa.
Daktari akatoka, akavua miwani.
"Nimewaachisha daftari mapema mno. Ni mimi."
Usiku ule alibaki nasi na taa ya chaji,
yeye akisoma, mimi nikichapa kwa vidole viwili,
Mwajuma akipitisha muhogo na chai ya rangi.
Hakuna aliyeuliza posho.
Nasema uongo: Chilumba aliuliza.
Lakini aliuliza huku anachapa.

Juzi barua yake ya uhamisho imefika.
Ameondoka leo alfajiri, ukungu umefunga,
gari limemezwa kabla ya kona.
Atakuja mwingine. Huenda mwenye suti.
Mwajuma ameitoa ile khanga kabatini,
ameishika kwa ncha mbili, ananitazama.

Mimi, sitawadanganya, bado naikumbuka harufu ya karatasi,
na jalada moja nimelificha, la mama yangu,
hilo sijalichapa.
Lakini nimebonyeza kitufe.
Mashine inaamka kwa kuguna, kama mimi.
Mwajuma amejifunga khanga yake kiunoni,
ametoka kuita wa kwanza:
babu wa Malatu, kadi kaisahau, masikio mazito.

"Jina la mama?" nimeuliza kwa sauti.

Amenyoosha mgongo kwanza,
ndipo akalitaja.